Mtaala wa Dagaa

Mwalimu Adoyo ni mtu wa kinyaa, wala hafichi. Kule ufukweni Ilemela, dagaa wanapoanikwa mchangani huku mbuzi wakijipitia na kuacha vyao, yeye huziba pua mbele ya wenye dagaa na kutema mate. Kikundi cha akina mama kilipopata soko la kulisha shule moja ya bweni Misungwi, kwa sharti dagaa wawe safi, kikamwita yeye akifundishe.

Akatunga mtaala akimfikiria kila mtu. Waliosoma wasome. Wasiojua kusoma waonyeshwe picha. Wanaoelewa kwa mikono wajenge vichanja vya nyavu, waanike juu, mbali na mbuzi. Kisha akawachanganya wazee na vijana, anayejua amrekebishe asiyejua. Alijisifu kimoyomoyo, na kwa kweli alistahili.

Siku ya kupeleka mzigo wa kwanza akakaanga dagaa kidogo kutoka gunia la Mama Malimi, mkongwe wa kikundi. Mchanga ukalia menoni. Halafu ikaja ile harufu. Mbuzi! Alitoka nje mbio, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Shule ikionja uchafu huu, soko limekufa, na kikundi kimekufa nalo.

"Nani alimwona Mama Malimi akianika mchangani?" akauliza darasani.

Wote walimwona. Hellen, binti aliyeongoza kila jaribio, akainamisha kichwa. "Nilimwamkia, mwalimu, akaitikia. Nikamsaidia kutandaza. Sasa mtu mzima vile, sawa na bibi yangu, ningemrekebishaje?"

Adoyo akachefukwa upya. Heshima gani hii ya kumwacha mzee awalishe watoto wa watu mavi ya mbuzi? Ptuu!

Hata hivyo alijipa moyo. Huenda mama wa watu hakuzielewa picha, na asiyeelewa hufundishwa tena. Akapakua ugali, akaweka dagaa walewale pembeni, akampelekea nyumbani kwake, akamtengea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Karibu chakula."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Malimi akanawa, akasogea, akanusa. Akaisukuma sahani polepole, bila hasira yoyote, kama anayemwelekeza mgeni.

"Hawa siyo wa kula, mwalimu. Wa kula nimewaanika kwenye kichanja chako, pale nyuma ya nyumba. Hawa ni wa kuuza."