Kuzunguka Ulaya kwa Treni au Gari la Kukodi

Kila nikisikia harufu ya usipa wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Mbinga, narudi ziwani, mchana ule dada alipofungua atlasi ya shule juu ya chanja ya kuanikia samaki tukapanga kuizunguka Ulaya. Yeye alitaka treni. Mimi nilitaka gari la kukodi, ili tukichoka tugeuze turudi nyumbani.

"Hatujaondoka, we mdogo wangu unawaza kurudi!"

Nikakimbia kumwuliza mama kama tunaruhusiwa kulala njiani. Niliporudi na ruhusa yangu, kidole cha dada chenye magamba kilikuwa Ujerumani.

"Umechelewa. Treni imeshapita Italia."

"Rudi unichukue!"

"Treni hairudi nyuma kwa mtu mmoja, bwana. Fukuza kunguru hao, wanatumalizia samaki."

Nikawafukuza huku nalia kweli. Na treni yenyewe mpaka leo sijawahi kuiona.