Picha ya Mbele ya Jengo Lisilo na Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, pale studio ya Bugene, sikugusa kamera. Nilipewa kitambaa nifute lenzi, kisha nikatumwa kumwaga maji ya kuoshea filamu kwenye chumba cha giza. Mkuu wa studio, mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alinipa somo moja tu: "Jengo lina uso kama mtu. Tafuta uso kwanza, halafu safisha fremu." Kusafisha fremu ni kuondoa mbele ya kamera kila kisichohusika: ndoo, baiskeli, kuku. Nililishika somo hilo kuliko Amri Kumi, na mimi ni Mlutheri wa kubatizwa.

Baadaye niliajiriwa serikalini nikapangiwa Songambele, kupiga picha za zahanati na madarasa mapya. Majengo yale hayakuwa na makuu: mlango katikati, bendera mbele, basi. Kisha nikahamishiwa ofisi ya habari. Miaka yote hiyo hakuna picha yangu hata moja iliyorudishwa, na sifichi, nilijivuna.

Wiki chache kabla ya kustaafu, Afisa Habari aliniita. Jengo jipya la kuhudumia wananchi lilikuwa limekamilika na watu wameshaanza kulitumia, katika mji ambao sitautaja kwa sababu wenyewe wapo.

"Mzee, nataka picha moja tu, ya jalada la kijitabu cha ufunguzi. Mbele ya jengo. Hiyo ndiyo ya kukuagia."

Nililizunguka mara tatu, kichwa kikaniuma. Upande mmoja una nguzo nne nene za Wagiriki wa kale, rangi ya waridi, na hazifiki kwenye paa. Upande wa pili una matao ya pwani na mlango wa nakshi usiofunguka. Wa tatu una pembetatu kama ya kanisa, imepasuliwa katikati. Wa nne una paa la msonge, ile nyumba ya duara ya babu zetu, ila hili ni la bati la buluu. Nilimfuata msanifu wa jengo, binti mdogo mwenye kofia ngumu.

"Shikamoo mzee. Huu mtindo ni usasaleo. Tumeazima kila mahali, na utani kidogo."

"Marahaba. Utani nimeuona. Mbele ni wapi?"

"Hakuna mbele, mzee. Ndiyo maana yake!"

Alicheka. Mimi nilitamani kulia.

Nilirudi upande wa msonge nikakuta viatu vimejipanga nje ya mlango. Zamani ndani ya msonge sakafu ilitandikwa nyasi, na mtu hakuzikanyaga na viatu. Humu mna vigae, na hakuna aliyewaambia watu wavue, lakini walivua. Nikasimamisha stendi ya miguu mitatu, nikasafisha fremu: viatu vyote nikavirundika nyuma ya maua.

Akatoka bibi mmoja wa Chonyonyo, peku, ameshika karatasi zake za shamba.

"Waitu, ndugu yangu, viatu vyangu viko wapi?"

"Shikamoo bibi. Nimevisogeza, vinaharibu picha."

"Marahaba. Vinaharibu? Sasa atakayeiona atajuaje kama ndani mna watu?"

Niliona haya. Nilivirudisha vyote, nikachanganya vya kushoto na vya kulia vya watu, nikatukanwa Kinyambo na Kiswahili. Vilipokaa sawa nikapiga picha, viatu vikiwamo. Sijui kama ule ulikuwa uso wa jengo, ila picha ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nilimpelekea Afisa Habari.

"Mzee, nimekutuma jengo, umeniletea kandambili?"

Akanirudishia. Iliniuma sana. Nilitaka kumweleza habari za nyasi na yule bibi, lakini hata mimi sikuwa na hakika. Huenda yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kijitabu kilitoka nikiwa nimeshastaafu. Jaladani kuna zile nguzo za waridi, zimepigwa na mtu nisiyemjua, kwa simu nadhani, na chini yake limeandikwa jina langu. Mke wangu amekiweka sebuleni wageni wakione. Mchungaji alinisifia mbele ya usharika mzima, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza nilisimama wapi kuzipata nguzo zote nne. Nami huwaonyesha kwa mkono: pale, karibu na geti.