Majani Mabichi Kwenye Teksi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alifariki wakati wa kiangazi, majira ambayo vumbi la mgodi hutua juu ya mabati ya Ruashi, mtaa aliokaa, na hakuna mvua ya kuliondoa. Alikuwa dereva wa teksi. Aliugua tumbo kwa muda mfupi, akalazwa hospitalini, na asubuhi moja mkewe akanipigia simu. "Yaya, amekwisha," akasema, kisha simu ikakatika. Yaya ndilo jina tunalomwitia ndugu mkubwa, naye alilichukua kwa mumewe tangu siku ya ndoa yao. Nilikuwa nikisahihisha mitihani ya Kilatini. Niliimaliza karatasi iliyokuwa mkononi, nikaandika alama, nikafunga kalamu, ndipo nikatafuta viatu.

Ili yaliyofuata yaeleweke, sina budi kueleza hali ya parkingi aliyofanyia kazi, pale katikati ya mji, karibu na mabenki. Parkingini teksi hupanga mstari. Ya mbele hujaza abiria, ikiondoka ya pili husogea. Lakini mtu hawezi kuja na gari lake tu akajipanga. Nafasi katika mstari hutolewa na chama cha madereva. Kwa miaka mingi chama kilikuwa kimoja, sendika, na kiongozi wake alikuwa mzee mmoja mvaa kofia ya sufu hata kwenye jua, ambaye wote walimwita Prezida. Baadaye madereva vijana walijitenga, wakaunda komite yao. Kiongozi wao alikuwa amesoma sheria kidogo kabla ya kushika usukani, naye pia akaitwa Prezida. Sendika walivaa jile, yaani vizibao, za rangi ya machungwa, komite wakavaa za buluu.

Ugomvi huo ungeweza kuendelea hivyo bila madhara makubwa. Ila ofisi ya meya ilitangaza kwamba vibali vipya vya usafirishaji havingetolewa tena kwa dereva mmoja mmoja; kila parkingi ingewakilishwa na chama kimoja, na chama hicho ndicho kingepeleka majina. Magari yenye usukani wa kulia, ambayo ni karibu yote mjini kwetu ingawa sisi huendesha upande wa kulia wa barabara, yangetazamwa mwisho. Ni chama kipi kingetambuliwa, tangazo halikusema. Tangu hapo, kila kiongozi alitafuta njia ya kuonyesha kwamba madereva ni wake.

Mdogo wangu alikuwa na jile zote mbili. Alizikunja chini ya kiti, akavaa ya kiongozi aliyewahi kufika parkingini siku hiyo. Nilipomuuliza mwenyewe ni wa nani, alicheka.

"Yaya, mie minabeba bantu. Jile haibebake muntu."

Siku ya pili ya matanga, viongozi wote wawili walifika nyumbani kwake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, pamoja na wanaume wengine, nikitazama maji yakichemka kwenye sufuria kubwa. Mzee wa sendika alitangulia. Alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Prof, pole sana. Mutoto wetu ametuacha. Kesho sendika njo itatangulia mbele. Shiye, ba-sendika, tulimupokea pa parkingi, alikuwa angali kijana, hajuwe ata kujipanga."

Kiongozi wa komite alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mulimupokea, papa, ndiyo. Lakini alikufa mu komite. Jile yake iko kwa gari."

"Jile? Ata mbuzi unaweza kumuvalisha jile."

"Aaa! Njo vile munapataka ba-membre yenu?"

Wanaume waliokuwa karibu nami waliinamisha nyuso, mabega yakiwatikisika. Mmoja aliyafuta machozi ya kicheko kwa leso aliyokuja nayo kwa ajili ya machozi mengine. Mimi niliwaambia viongozi kwamba familia itajibu kesho yake, kwa kuwa ndivyo mtu asemavyo, na kwa kuwa sikuelewa kwa nini wanashindania kutangulia mbele ya msafara wa mazishi. Nilidhani ni suala la heshima.

Mjane alinieleza jikoni, huku akichambua mchele.

"Mwenye kutangulia, banasema ye njo alizika. Na mwenye kuzika anarudisha nafasi ya marehemu kwake. Anaipa muntu anapenda."

"Hata kama gari ni lako?"

"Gari ni yangu. Nafasi haiko yangu." Alitupa kijiwe nje ya mlango. "Mudogo wangu iko na permi, anaweza kuendesha. Lakini ataendesha aende wapi? Bila nafasi, ile gari ni chuma. Na batoto banasoma, yaya."

Hilo ndilo walilokuwa wakigombania: nafasi moja katika mstari wa teksi, urefu wa gari dogo, juu ya lami iliyobanduka. Nikawa nimelielewa. Sikuhisi chochote juu yake, wala juu ya mengine. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anayesikia chuma kikigonga jino na kujua kwamba jino ni lake.

Kesho yake tulikwenda kumchukua katika chumba cha maiti. Nje ya lango, teksi zilikuwa zimejipanga pande mbili za barabara, za sendika upande mmoja, za komite upande wa pili, kila moja ikiwa imefungwa matawi mabichi kwenye boneti na kwenye vioo vya pembeni, kama ilivyo desturi ya magari ya msiba. Injini zilikuwa zinanguruma. Pikapu iliyobeba jeneza ilitoka hadi langoni, ikashindwa kusonga, maana gari la mzee na gari la kijana wa komite yalikuwa yameingiza pua zao barabarani kwa wakati mmoja.

"Rudisha nyuma, mutoto!"

"Papa, rudisha wewe. Reverse yenu shi iko muzuri, munarudiaka nyuma kila siku!"

Vijana wa buluu walipiga honi kushangilia. Mzee alishuka, akatandaza mikono mbele ya gari lake, kana kwamba analikinga na mvua. Makasisi na wafiwa wa msiba mwingine walisubiri nyuma yetu. Dereva wa pikapu alizima injini, akafungua gazeti.

Mjane alishuka kwenye basi la wanawake akiwa amevaa nyeusi, na mkononi alikuwa na tawi la mvokado, yaani mparachichi, alilolikata kwenye mti ulio kando ya ukuta wake. Alipita katikati ya magari yale mawili bila kuwatazama wenyewe, akaenda hadi mwisho wa msafara, ambako mdogo wake alikuwa amelileta gari la marehemu. Akalifunga tawi lile kwenye boneti kwa kamba.

"Ye mwenyewe atatangulia," akasema.

Mzee alimfuata. "Mama, muntu alishakufa hawezi kututangulia shiye bazima."

"Anaweza, papa. Leo sote tunamufata ye."

Kisha akanigeukia, akanipa ufunguo. "Yaya, ingia. We njo mukubwa wake."

Nilifahamu kwa nini hakumpa mdogo wake. Wangesema ameshaanza kuinyakua nafasi. Mimi sikuwa wa jile yoyote. Nikaingia, na yale magari mawili yakarudi nyuma kunipisha mbele ya pikapu.

Gari langu lina usukani wa kushoto. La mdogo wangu lilikuwa na usukani wa kulia, na katika gari kama hilo vijiti viwili vya pembeni mwa usukani hubadilishana kazi. Nilipotaka kuashiria kwamba naingia barabarani, vipangusio vya kioo vilianza kwenda na kurudi. Kiangazi, jua kali, na kioo kikavu. Vililiburuta vumbi, na jani moja la mvokado likanasa chini ya kimoja, likawa linakwenda kushoto, linakuja kulia, mbele ya macho yangu. Ningeweza kuvizima. Nilijua ni kijiti kipi. Sikuvizima. Nilipita hivyo katikati ya mji, mbele ya mabenki na ya ofisi ya meya, nyuma yangu pikapu ya jeneza, na nyuma yake machungwa na buluu zikiwa zimechanganyika, maana hakuna aliyekuwa na upande tena. Watu walisimama kwenye vibaraza, wakavua kofia. Viongozi wote wawili walikuwa wametaka sana waonekane na mji. Mji uliona teksi isiyo na jile ikipangusa kioo kikavu.

Makaburini kila kiongozi alisema maneno machache, na kila mmoja alisema "mutoto wetu". Niliangalia kamba za kushushia jeneza. Moja ilikuwa mpya kuliko nyingine.

Ikabaki kuanua matanga. Katika familia yetu, mkubwa wa ukoo ndiye atamkaye neno: siku hiyo nguo nyeusi huvuliwa, majani huondolewa kwenye magari, na watu hurudi kwenye shughuli zao. Baba yetu hayupo. Neno lilikuwa langu. Shangazi yetu, aliyekuja kutoka kaskazini kwa ajili ya mazishi, alikuwa ameshapanga tarehe. Lakini asubuhi iliyofuata mazishi, mdogo wa mjane alilipeleka gari parkingini na majani yake juu ya boneti, akajipanga katika nafasi ya marehemu. Hakuna aliyemwondoa. Pale parkingini, gari lililovaa majani ya msiba halisukumwi nje ya mstari, wala haliulizwi ni la chama gani, mpaka matanga yaanuliwe. Desturi hiyo ilikusudiwa kwa siku moja au mbili, kwa dereva anayerudi kutoka makaburini. Mjane aliisoma hadi mwisho wake, kama mwanasheria asomavyo kifungu, akaona haikutaja siku.

Tarehe ya shangazi ikapita. Kila Jumatatu alfajiri majani yaliyonyauka yalitolewa, mengine mabichi yakafungwa. Mwanzoni abiria walisita. Mwanamke mmoja, niliambiwa, alishuka akifanya ishara ya msalaba. Kisha wakazoea, maana hilo ndilo lililokuwa mbele ya mstari. Polisi wa barabarani nao hulipungia mkono lipite.

Shangazi aliniita. "Ule mwanamuke anataka nini? Anavaa nyeusi sawa vile bengine banavalaka nguo za feti ya ndoa. Sema neno, baba, tumalize."

Nilikwenda Ruashi. Mjane alikuwa akianika nguo za watoto wa shule, na kati yake kanga yake nyeusi, ambayo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka ku meya baamue nani ni nani. Siku bataamua, nitaenda kwa ule bamechagua, nitaomba nafasi sawa bantu bote. Leo nikitosha majani pa gari, nitaomba kwa nani? Nikienda kwa mzee, kijana atasukuma gari. Nikienda kwa kijana, mzee atasukuma."

"Na wewe mwenyewe? Utakaa na nyeusi?"

Alikung'uta shati, akalibana kwenye kamba.

"Nguo ni nguo, yaya."

Nilitaka kumwambia kwamba ana haki ya kumaliza kulia kama mtu mwingine yeyote, na kwamba mwanamke wa umri wake hafungiwi maisha kwa ajili ya urefu wa gari dogo. Sentensi ilikuwa imekamilika kichwani, na viambishi vyake vyote. Sikuitamka. Nilikunywa maji aliyonipa, nikarudi nyumbani, na kwa shangazi nikasema kwamba muda bado.

Uamuzi wa ofisi ya meya uliahirishwa, ukaahirishwa tena. Mvua zikaanza. Siku moja nilipanda teksi ile mwenyewe, kutoka mjini, nikakaa mbele. Vipangusio vilikuwa vinafanya kazi yao halali. Kabla hatujaondoka, mzee wa sendika aliinama dirishani, maji yakichuruzika kwenye ukingo wa kofia.

"Prof, mutatosha matanga siku gani? Muntu hawezi kulia vile bila mwisho."

Kutoka upande wa pili, chini ya mwavuli, kijana wa komite aliita: "Papa, muache! Ao unataka kumusaidia kulia?"

"Hatujamaliza," nikamjibu mzee.

Aligonga paa la gari mara mbili kwa kiganja, tukaondoka. Nilikuwa bado sijalia hata mara moja.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mjane alikuja kwangu na panga na gunia. Mvokado wake, alisema, umekwisha upande wote unaofikiwa na mkono. Umebaki na majani juu tu, kama mtu aliyenyolewa pembeni. Mimi pia nina mvokado nyuma ya nyumba. Nilitoa ngazi, nikaiegemeza shinani, nikaishika kwa mikono miwili ili isiteleze kwenye matope. Alipanda na nguo zake nyeusi, akaanza kukata, matawi yakaniangukia mabegani.

"Usikate hayo ya chini," nikamwambia. "Chukua ya juu, yamekomaa. Yanakaa juma zima bila kunyauka."