Maji kwenye chati ya Mwalimu Longinus

Saa tisa na nusu alasiri mvua imesita Titye, na Mwalimu Longinus Stanislaus anaburuta meza hadi dirishani. Umeme haujafika katika shule hii ya sekondari wilayani Kasulu, na kazi anayoifanya inahitaji mwanga. Anatandaza karatasi mbili zilizochakaa kwenye mikunjo, anaweka rula juu ya mojawapo, kisha anashusha mstari wa penseli hadi kwenye namba 3400.

Hapo pana bonde pana, limelegea mfano wa shuka bichi kwenye kamba. Kwa miaka miwili na nusu aliliita hidroksili, oksijeni na hidrojeni zilizoshikamana ndani ya dawa anayoichunguza. Sasa anaamini lilikuwa maji.

“Maji ya kawaida,” anasema. “Haya haya ya kunywa.”

Longinus, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mzaliwa wa Mabamba, Kibondo. Anafundisha kemia, na tangu mwaka 2012 anasomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Utafiti wake unahusu unga alioutoa kwenye gome la mti ambao nyumbani kwao huchemshwa kutibu tumbo. Anaomba jina la mti lisiandikwe, asije mtu akamwibia ugunduzi. Ombi hilo alilitoa kabla ya Septemba, shaka ilipoanza, na hajaliondoa.

Kazi yenyewe haina fahari. Unga humulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na vifungo vinavyoshikanisha atomi hutikisika, kila kimoja kwa kasi yake. Mwanga ulionyonywa huacha bonde kwenye chati. Chati ya pili, ya Raman, hutumia mwanga wa leza unaotawanywa na unga huo huo, na humo mitikisiko huonekana kama vilele. Mtafiti hukaa na chati hizo mbili na kuamua bonde lipi ni la kifungo kipi.

Longinus ameyapa majina mabonde ishirini na matatu. Ishirini na moja hayana mgogoro. Mawili, la 3400 na la 1640, ndiyo yaliyoubeba utafiti mzima, kwa kuwa ndiyo yaliyoufanya unga huo uonekane kitu kipya. Yakiondoka, kinachobaki kinafanana na kitu ambacho wengine walishakieleza.

Mwalimu Shadia Khamisi, anayefundisha hisabati na aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, anapita na rundo la madaftari.

“Mwalimu, bado unasoma vipimo vya moyo? Mgonjwa si alishafariki?”

“Nasubiri daktari athibitishe.”

“Basi mfunike uso, jamani. Watoto wanaogopa.”

Longinus hacheki. Shadia naye, akishafika mlangoni, hacheki tena.

Kosa lilitendeka Aprili 2013, na halikutokana na uzembe. Longinus aliukausha unga kwa wiki mbili katika chumba hiki hiki, akautia kwenye chupa. Kifuniko kilikuwa kimevunjika, akaiziba kwa pamba. Basi la kwenda Dar es Salaam lilipofika Kibondo aliteremka, akaenda Mabamba kumuaga mama yake, Generosa, aliyemwonyesha mti huo na kumkabidhi gome lake.

Kwao dawa ya mti haisafirishwi ikiwa kavu. Generosa aliivika chupa kitambaa kilicholowa, akaizungushia majani mabichi ya mgomba na kuifunga kwa kamba. Longinus alimtazama hadi alipomaliza.

“Ningemwambia nini?” anauliza. “Kwamba amekosea kufunga dawa yake mwenyewe?”

Safari ilichukua siku mbili. Alipoifungua chupa kwenye korido ya maabara, unga ulikuwa umeshikana. Akauponda kwa mpini wa kalamu. Fomu ilikuwa na swali: sampuli imekaushwa? Kwa kuwa aliikausha kweli, ingawa si siku hiyo, aliandika: Ndiyo.

Dalili ilikuwepo tangu mwanzo. Bonde la 1640 alilihesabu kuwa la kifungo maradufu cha kaboni, ambacho kwenye Raman hupaza sauti kwa kilele kirefu. Chati yake ya Raman, mahali hapo, ilikuwa kimya, kama inavyokuwa kwa maji. Longinus aliuona ukimya huo mwaka ule ule. Akaandika pembeni kwa penseli: “Rangi ya unga imefunika.” Maneno hayo hajayafuta.

Septemba mwaka huu, 2015, alikuwa akiwaonyesha kidato cha nne jinsi mrututu wa buluu, ile chumvi ya shaba, unavyogeuka mweupe ukipashwa moto na kupoteza maji. Msichana mmoja wa mbele akauliza: “Mwalimu, hayo maji yalikuwa wapi? Mbona ulikuwa mkavu?”

“Nilimjibu kwamba yalikuwa ndani, tatizo hayaonekani. Kisha nikashindwa kuendelea na somo.”

Kipindi kilipokwisha aliichukua ile chupa ya Dar es Salaam, akapasha moto chembe zilizosalia, na mvuke akauelekeza kwenye mrututu mweupe. Ukarudi buluu.

Masomo hayo yamekwishamgharimu zaidi ya shilingi milioni nne, na mshahara wake kwa mwezi haufiki laki saba. Usajili wake unakoma tarehe 31 Desemba. Mti wa Mabamba ulikauka mwaka uliofuata baada ya kuchunwa. Lililobaki ni kopo moja la gome, na kutoka humo amepata unga wa kutosha kipimo kimoja. Ameukausha. Safari hii chupa ina kifuniko, na kimezungushiwa nta ya mshumaa.

Akiulizwa anatarajia chati mpya itaonyesha nini, anasema: “Mstari ulionyooka pale 3400. Ukinyooka, sina utafiti. Lakini nitakuwa na jedwali la kweli.” Chuo hakitoi shahada kwa jedwali la kweli peke yake, na hilo analijua.

Tiketi ni ya Ijumaa. Fomu ya maabara iko mezani, imejazwa yote isipokuwa swali la kukausha.

“Basi litapita Kibondo,” anasema. “Sitashuka.”

Simu inaita. Anaitazama kwanza, kisha anaipokea na kuiweka sauti ya nje ili mikono iendelee kukunja chati.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia unasafiri. Ile dawa umeiweka wapi?”

“Kwenye chupa.”

“Isikauke, Longinus. Ikikauka imekufa. Si utapita niifunge?”

Chati ya Raman imebaki mkononi, haijakunjwa.

“Longinus?”

“Ndiyo, mama.”

“Haya. Nitakata majani asubuhi na mapema.”