Fungua Kuria

Jumamosi saa tisa alasiri nilikuwa nimepiga magoti uani kwetu Kenyamonta, spana mkononi, nimebakiza pedali moja tu baiskeli iwe tayari. Jumatatu natakiwa kuripoti shule niliyopata kazi ya mkataba, ndani huko ambako bodaboda hazifiki asubuhi, na mwalimu mkuu alishasema wazi: atakayechelewa kengele ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Kazi hiyo nilikuwa nimeisubiri miaka miwili, tangu niolewe huku nikitokea Morogoro.

Baiskeli ilikuwa ya baba mkwe. Mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka nchi kwa kupiga pedali aliugua, akaiacha hapa, ikalala stoo na kuku mpaka ikaota kutu. Ni ya safari ndefu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Wana wa baba mkwe waliiomba wakanyimwa. Mimi sikuomba, nikapewa.

Fundi wa senta aliitazama akasema yeye hutengeneza baiskeli, si mapambo. Nikakasirika, nikaanza mwenyewe. Wiki nzima niliosha mnyororo kwa mafuta ya taa, nikabadilisha waya za breki, nikapaka grisi hadi kwenye nyusi. Ila pedali ya kushoto ilikuwa imeganda. Lazima itoke isafishwe.

Baba mkwe alikaa ng'ambo ya zizi, amenipa mgongo. Huku mkamwana na baba mkwe hawakaribiani, ndiyo heshima. Cha kupeana kinawekwa juu ya jiwe la kusagia katikati ya ua, mmoja akiondoka ndipo mwingine achukue. Mafunzo yote alinipa kwa kupaza sauti.

"Hiyo ya kushoto ina kiburi," alisema. "Fungua kuria!"

Nikamwelewa. Kikuria, kama wenyeji wa huku, yaani kwa nguvu, bila kubembeleza. Nikavisha bomba kwenye mpini wa spana, nikazungushia kushoto kama ninavyofungua kila kitu, nikaning'inia na uzito wangu wote. Chuma kikapiga kelele. Mara kikaachia, nikaangukia ubavu.

"Imetoka?"

"Imetoka, baba!"

"Reta niione."

Nikaigeuza pedali. Nyuzi zote za tundu la pedali, ile mistari ya skrubu, zilikuwa zimekwanguka, zimejiviringa kwenye pedali, nyeupe zinang'aa. Hakuna pedali ingeshika pale tena. Nikafikiria kuzifuta, nimwambie nimeikuta hivyo. Kidole kilishaanza. Nikaona aibu, nikaiweka juu ya jiwe kama ilivyo, nikarudi nyuma.

Alikuja akichechemea, akaishika, akaigeuza muda mrefu.

"Nirisema kuria."

"Ndiyo, baba. Nimetumia nguvu. Kama Wakuria."

Akairudisha pedali juu ya jiwe, taratibu. Natamani angefoka.

"Kuria, mama. Mkono wa kuria ugari."

Kulia! Pedali ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, hufunguliwa kwa kuzungushia kulia. Miaka miwili nimewacheka watu wa huku kwa r yao, nikiagiza "chakura" kwa mzaha, na siku niliyohitaji masikio nikayakosa. Akarudi ng'ambo ya zizi. Jumapili nzima hakunipigia hata kelele.

Jumatatu nilitoka alfajiri kwa miguu, nikijua fika kengele itanitangulia. Pale kwenye jiwe ilikuwa imeegemezwa baiskeli yake nyeusi, anayoendea mnadani kwa sababu goti halimruhusu kutembea. Kiti kilikuwa kimeshushwa kufuata kimo changu. Upande mmoja wa usukani alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Upande wa kulia.

Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya zizi, amenipa mgongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wahi."

Nikashika kitambaa, nikapanda, nikalia njia nzima.