Nyumba Juu ya Lori

Mama mkwe wangu alikuwa hawezi tena kusujudu. Magoti yake yalikaza kama ngozi iliyosahauliwa juani, akawa anaswali ameketi juu ya kigoda. Kila alipofika pahali pa kusujudu aliinamisha kichwa kidogo tu, akaitazama ardhi kama mtu anayemwona ndugu yake ng'ambo ya mto uliofurika. Hakulia. Alisema, "Nataka kuweka paji la uso chini mwenyewe, kabla watu hawajaja kuniweka." Hilo ndilo alilotaka, na hakutaka jingine.

Habari ya maji moto tuliletewa na dresa wa hospitali ya Garissa, mtu wa Kwale, aliyekuwa akimsugua miguu kwa mafuta.

"Kwetu, mama, yako maji yanatoka ardhini yakichemka," alimwambia. "Watu wanatia mihogo, inaiva. Ukishuka chini kidogo yamepoa, mtu anakaa ndani mpaka kifuani. Wagonjwa wanaingia wakibebwa."

"Na wanatoka wakibebwa?"

"Wengine wanatoka kwa miguu yao."

"Wengine," akasema mama mkwe, akinigeukia. "Huyu si mwongo sana."

Tangu siku ile akawa na Kwale kichwani. Mume wangu alikuwa na lori la bodi ya mbao, la kubeba mbuzi na ngozi. Lakini ilikuwa miaka ya vita vya shifta, na lori lilikaa chini ya mgunga zaidi ya lilivyotembea. Barabara zilitegwa mabomu. Gari halitoki mpaka upate ruhusa, tena uende kwenye msafara, askari mbele, askari nyuma. Jua likizama kila mtu yuko ndani. Ngamia wetu wa mizigo walikuwa wameshachukuliwa na askari, na aqal ya mama mkwe, nyumba yake ya fito zilizopindwa na mikeka, ilikuwa imefunguliwa na kulazwa nyuma ya kibanda cha udongo tulichopanga mjini. Nyumba bila ngamia ni mzigo wa kuni.

Watu wenye safari huzungumza kidogo. Sisi tusio na safari tulizungumza kila siku. Baada ya alasiri nilimimina chai ya maziwa, mume wangu akachuchumaa, na mama yake akaanza: "Haya, tumetoka. Tumefika wapi?"

"Tumevuka mto, hooyo," mume wangu akajibu, akimwita mama kwa lugha yetu. " Tunateremka nao. Bura, halafu Hola."

"Usikimbie. Kuna kivuli?"

"Kipo. Mikoma na mikuyu."

"Basi tupumzike hapo. Endelea."

Basi tuliendelea. Garsen tuliipita, mto bado uko kushoto. Malindi upepo ulibadilika, ukawa na chumvi. Mimi bahari sikuwa nimeiona, nikaiona palepale tulipoketi na chai, pana na ya kijivu kama nchi yetu baada ya mvua ya kwanza. Kilifi tulivuka kwa pantoni, lori likielea juu ya maji na sisi ndani yake tumeketi kama wageni wa heshima; tulipita Mombasa, tukavuka Likoni kwa pantoni nyingine, tukapanda kuingia Kwale, na huko ardhi ilikuwa ikitoa moshi asubuhi. Mama mkwe alifumba macho. Alisema maji yale lazima yawe na joto la maziwa yanapotoka kwa ngamia, si zaidi, si kasoro. Chai ilipoa mikononi mwetu. Jirani mmoja alitupita akasema, "Hawa wamerogwa," na hakuna aliyemjibu kwa sababu tulikuwa mbali.

Siku moja ruhusa ikaja kweli. Ulikuwa unatoka msafara, ngozi zilitakiwa Mombasa, na mgonjwa mmoja na wa kumsaidia wangeruhusiwa kupanda. Mume wangu alitaka kumweka mama yake mbele, kando ya dereva. Mama mkwe akamtazama.

"Na nyumba?"

"Nyumba gani, hooyo?"

"Waryaa, wewe mtoto, mimi nihame bila nyumba? Kule nitalala kwa nani?"

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Anapewa na mama yake siku ya kuolewa, yeye huijenga, yeye huifungua, yeye huipakia. Mwanamume ni mgeni ndani yake hata akizaa watoto kumi. Kwa hiyo tulipakia ngozi chini, na juu ya ngozi, ndani ya bodi ya lori, wanawake wa jirani na mimi tukaisimamisha aqal. Mama mkwe aliketi chini akituamrisha. Alitaka mizigo ilingane kushoto na kulia kama juu ya ngamia, la sivyo mnyama ataitupa. Mume wangu akaapa kwamba lori halitupi.

"Halijapata kubeba nyumba," mama yake akasema. "Na mbele atatembea nani kuliongoza? Au linajijua?"

Wanawake walicheka mpaka mikeka ikawaponyoka. Lakini ilipokamilika tulirudi nyuma kuitazama. Ilikuwa nzuri. Mviringo, mikeka yenye nakshi nyekundu, imekaa juu ya magurudumu kama yai. Tulimpandisha ndani kwa mkeka, watu wanne. Nikaingia naye. Lori lilipoanza kutembea fito zililia taratibu, naye akashika mkono wangu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu niolewe.

Tulifika kizuizini, mwisho wa mji. Sajenti, mtu wa bara, akazunguka lori lote. Hakuwa mkali.

"Mama," akasema, "siwezi kupitisha kitu kilichofungwa hivi."

"Fungua utazame."

"Mimi nitatazama. Wale wa mbele watakiona kwa mbali, wataogopa, watapiga kwanza. Bomoeni hii. Wewe utakaa mbele, utafika salama."

Alisema kweli, na mama mkwe alijua kwamba alisema kweli. Magari mengine yalikuwa yakinguruma.

"Hooyo," mume wangu akasema, "fikiria magoti."

"Magoti ni yangu." Kisha akamwambia sajenti, bila kupandisha sauti: "Ngamia mmechukua, nimenyamaza. Mtu anayetoka kwao bila nyumba hajahama. Amefukuzwa. Mimi sijafukuzwa."

Nikamwambia nyumba nitamlindia mimi. "Naa, wewe, linda yako," akasema. Hapo nilijua yamekwisha.

Tukaifungua palepale, fito moja moja, msafara ukisubiri na madereva wakipiga honi. Hakukubali ifunguliwe ovyo. Lori likaenda na mume wangu na ngozi zake. Sisi tukarudi na punda wa kuazima, na kabla ya jua kuzama aqal ilikuwa imesimama uani, na mama mkwe yuko ndani. Kibanda cha udongo hakukiingia tena.

Mume wangu aliporudi alikuwa na debe la maji ya Kwale, mdomo umefungwa kwa ngozi. Mama yake akatia kidole.

"Yamepoa."

"Njia ni ndefu, hooyo."

"Yametoka kwao bila nyumba. Yangefanya nini?"

Alicheka peke yake. Nikayapasha moto, nikayamimina katika beseni, tukaitia miguu yake humo ndani ya aqal. Mwanga uliingia kwa matundu ya mikeka ukacheza juu ya maji. Maji yalinuka kama yai. Mume wangu akaanza kusimulia, safari hii ya kweli, na ya kweli ilikuwa na matope na askari na pancha, mama yake akawa anayafukuza hayo kwa mkono kama nzi. "Pantoni," alisema. "Rudi kwenye pantoni."

Alasiri ilipoingia akasema, "Nishikeni." Tukamshika huku na huku, tukamteremsha. Magoti yalikubali kidogo, yakakubali tena, kisha yakakataa. Paji lake lilibaki juu, mkono mmoja kutoka ardhini, likitoka jasho. Tulingoja hapo. Nilisikia pumzi yake.

"Basi," akasema. "Nirudisheni."

Akaswali ameketi. Alipomaliza akafuta uso, akarudisha miguu katika beseni.

"Likoni," akamwambia mwanawe. "Mmeshuka kwenye pantoni. Mnapinda upande gani?"