Sentensi za Watu wa Ngoliba

Nekoye Wafula alistaafu ualimu tarehe 31 Desemba 2021, baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka ishirini na sita katika shule moja ya msingi huko Ngoliba. Alitoka na madaftari manne yenye majalada magumu. Hakuna aliyemuuliza ni ya nini.

Yalikuwa ya maneno yenye maana nyingi. Katika mwaka wake wa kwanza, darasa lilipewa ufahamu kuhusu mchezo wa kriketi. Karibu wanafunzi wote walieleza kwa makini jinsi nyenje kumi na mmoja walivyopigana na nyenje wenzao. Nekoye alisahihisha huku akicheka, kisha akaacha kucheka. Watoto hawakukosea, walikuwa wameandika maana pekee ya cricket waliyofundishwa: mdudu.

Tangu hapo, kila Ijumaa aliandika neno moja ubaoni na maana zake zote. Skipper: kipepeo mdogo mwenye mwili mnene, kiongozi wa timu, nahodha wa chombo. Pitch: uwanja wa mpira, lami ya kuzibia mashua, meli kuinua na kuinamisha kichwa chake mawimbini. Kisha kila mwanafunzi alitunga sentensi, kwa sharti moja: sentensi isiyo na mtu unayemjua haina alama. Bahari hawakuwa wameiona, kriketi hawakuwa wameicheza, lakini watu wa kwao waliwajua barabara. Ndivyo Munyao, aliyekuwa akivusha watu mtoni kwa mashua ya mbao, alivyoingia daftarini. Msichana wa miaka kumi na moja aliandika kwamba nahodha Munyao hajui kuogelea, na abiria wake hawana habari. Nekoye alimpa alama zote. Sentensi nzuri aliziandika upya kwenye daftari lake, na kando ya kila moja akaweka jina la mtoto aliyeitunga. Alitaka siku moja ziwe kitabu chenye majina hayo yote.

Baada ya kustaafu alihamia kwa binti yake huko Gitothua. Januari mwaka huu aliingia duka la vitabu mjini Ruiru kutafuta kalamu. Muuzaji, msichana aitwaye Shiko, alimtambua kuwa mwalimu kabla hajasema lolote.

"Madam, ni ya Kiingereza unatafuta? Chukua hii. Mashule zote za huku zinaitisha hii tu."

Jaladani palikuwa na picha ya Boaz Kiama amefunga tai.

Nekoye alimjua. Boaz alifundisha Ngoliba mihula miwili mwaka 2018, kwa mkataba, kisha akaenda kuongoza shule ya binafsi huko Mwihoko. Mwalimu hamnyimi mwenzake noti za masomo. Hiyo ni sheria ya kila chumba cha walimu. Boaz aliomba madaftari kwa wikendi moja, akayarudisha baada ya mwezi, moja likiwa na duara la kikombe cha chai.

Alifungua kijitabu palepale kaunta. Ukurasa wa arobaini na moja: Munyao hajui kuogelea. Hata koma ilikuwa mahali pake. Majina ya watoto ndiyo yaliyoondolewa.

"Madam, uko sawa?" Shiko aliuliza.

"Niuzie," Nekoye akasema.

Alhamisi iliyofuata alikwenda Mwihoko, ofisini kwa Boaz. Hakwenda peke yake.

"Madam Nekoye. Umepotea sana," Boaz alisema, akiinuka. "Mzee pia, karibu. Mletewe chai."

"Chai yako na karatasi zangu haviivani, Boaz." Aliweka kijitabu mezani.

Boaz alikitazama kama anayekiona mara ya kwanza. "Maneno ya Kizungu si ya mtu, madam. Yako kwa dikshonari. Tick ni kupe, hata kwa Mwingereza."

"Maana ziko kwenye kamusi. Sentensi je?"

"Hiyo ni mifano tu. Nilitunga."

"Na watu waliomo?"

"Majina ya kubuni. Kila mwandishi hubuni."

Mzee aliyekaa karibu na mlango, kofia magotini, alikohoa.

"Basi ulinibuni vizuri, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye Munyao. Ukurasa wa arobaini na moja. Ni kweli siogelei. Lakini hiyo ilikuwa siri ya Ngoliba, na sasa hata Mwihoko wanaisoma."

Boaz alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Ukurasa wa kumi na mbili ni mama yangu, anatoa kupe kwa ng'ombe," Munyao aliendelea. "Tulimzika mwaka juzi. Yeye pia ulimbuni?"

Boaz alikaa. Alisogeza kalamu, akairudisha. "Tunaandaa toleo la pili," alimwambia Nekoye kwa sauti ya chini. "Jina lako tutaliweka mbele. Kwa shukrani."

"Kama nani?"

"Kama mtu aliyesaidia."

Miaka ishirini na sita Nekoye hakuwahi kupiga mtoto kwa sababu ya sentensi mbovu, na sasa mikono yake ilitaka kazi. Aliikunja mapajani.

"Watoto sitini na mmoja waliandika hiki kitabu," alisema. "Wewe ulifanya kazi moja tu: kuwafuta. Usinishukuru."

Alichukua kijitabu chake. Munyao alivaa kofia, akamuaga Boaz kwa mkono, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Jumamosi, wanafunzi hao wa zamani, wale waliopatikana kwa simu, watakutana katika ukumbi wa kanisa Ngoliba kutia sahihi kando ya sentensi zao. Jumatatu asubuhi, Nekoye atayapeleka madaftari yote manne katika ofisi ya hakimiliki jijini Nairobi, na Munyao atakwenda naye kama shahidi.